Machale, Kalamu au Jaribio Dogo: Swali Likikukaba, Utegemee Kipi?

Kuna ubishi usioisha katika vyumba vya walimu na hata kwenye mijengo ya Kondele, Kisumu. Wapo wanaosema hesabu ni jicho: unaona au huoni, na asiyeona hata akijaza ukurasa mzima hafiki. Wapo wanaosema jicho hudanganya, afadhali ufuate hatua moja baada ya nyingine mpaka upige mstari chini ya jibu. Mzazi mwenye mtoto Gredi ya 7 husikia yote mawili katika wiki moja, akabaki hajui amhimize mtoto akadirie au aandike. Mweka hazina wa chama cha akiba yuko pale pale: wanachama wanasema mkopo huu unaonekana nafuu, naye ana karatasi na kalamu lakini hana jioni nzima ya kukaa nazo.

Kwa maoni yangu, ubishi huo umekosea tangu mwanzo kwa kudhani njia zinazoshindana ni mbili. Ziko tatu. Ya kwanza ni machale, lile jibu linalokuja kabla hujaliita. Ya pili ni kalamu, yaani hatua zinazofuatana, kila moja na sababu yake, ziwe kwenye karatasi au kichwani. Ya tatu ni jaribio dogo: unachukua swali lako katika umbo dogo, unalichora au unalicheza kwa vikombe na kokoto, unatazama kinachotokea. Wengi wanaitumia hii ya tatu kila siku bila kuihesabu kuwa ni njia.

Vigezo

Nitazipima zote kwa mambo manne. Kasi, yaani jibu huchukua muda gani kufika. Kosa: njia ikikosea, kosa hujionyesha au hujificha? Hiki ndicho kigezo ninachokipa uzito kuliko vingine, maana zote tatu hukosea, na tofauti iko katika jinsi utakavyojua na utajua lini. Tatu, maelezo: unaweza kumwonyesha mwenzako ulivyofika? Na mwisho, inamfaa nani.

Kipaji sikukiweka kati ya vigezo. Mtu anayetaka kuamua leo jioni hawezi kuchagua kuwa na kipaji.

Machale

Kasi. Hapa hakuna wa kushindana nayo. Muuza omena wa soko la Kibuye akishika gorogoro, ule mkebe wa kupimia, anajua haikujaa kabla hajaimimina kwenye mfuko. Mekanika anasikiliza injini ikikohoa mara mbili, anaenda moja kwa moja mahali penye shida. Hakuna mstari ulioandikwa.

Wanahisabati nao huishi hivyo kuliko vitabu vyao vinavyoonyesha. Mfaransa Henri Poincaré, mmoja wa wakubwa wa fani hiyo, alisimulia mwaka 1908 jinsi swali lililomsumbua lilivyofunguka. Alikuwa amelihangaikia sana, kisha akaliacha akaenda safarini na wenzake. Mjini Coutances, alipokanyaga ngazi ya gari la abiria, wazo likamjia zima, wala hakuwa akilifikiria wakati huo. Akaketi, akaendelea na mazungumzo. Aliporudi kwake Caen ndipo akakaa akalithibitisha kwa utulivu. Msimuliaji wa hadithi hii hupenda kuishia kwenye ngazi ya gari. Lakini bila ule mhangaiko wa awali wazo lisingekuwa na mahali pa kutua, na bila Caen lingebaki wazo tu.

Mhindi Srinivasa Ramanujan ni mfano mkubwa zaidi. Mwaka 1913, akiwa karani katika bandari ya Madras, alimtumia mwanahisabati G. H. Hardy wa Cambridge barua iliyojaa kanuni zisizo na uthibitisho. Hardy alizitazama, akaona nyingine ni za kushangaza kiasi kwamba mtu asingeweza kuzibuni tu. Na nyingi zilikuwa kweli. Ila baadhi ya madai yake kuhusu namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, yalikuwa na makosa. Madai hayo yalikuja katika barua ile ile, kwa uhakika ule ule.

Kosa. Basi twende Maseno. Kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia kuna alama ya Ikweta. Fikiria kamba inayoanzia hapo, inaizunguka dunia nzima, kilomita 40,075 hivi, ikiwa imebana ardhi. Sasa iongeze mita 1 tu, kisha uiinue kamba yote sawasawa ili ielee juu ya ardhi kila mahali. Itaelea kwa urefu gani? Karibu kila anayeulizwa mara ya kwanza husema hata sisimizi hapiti. Jibu ni sentimita 16 hivi: kuku anapita akiinamisha kichwa. Cha kushangaza zaidi, ukizungusha kamba kwenye sufuria ya ugali ukaiongeza mita 1, nafasi ni ile ile, sentimita 16. Mzingo ni kipenyo mara 3.14 na kitu, kwa hiyo mita moja ya ziada hununua nafasi ile ile bila kujali duara lilikuwa kubwa kiasi gani.

Au tazama ziwani. Gugumaji lilipoingia Ziwa Victoria, karibu mwaka 1990, lilikuta maji yenye rutuba ya kutosha, na katika hali nzuri mmea huo unaweza kuzidi maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Tuseme limefunika ghuba yote katika wiki ya 20, likiongezeka maradufu kila wiki 2. Nusu ya ghuba ilifunikwa lini? Machale husema wiki ya 10. Ni wiki ya 18. Katika wiki ya 10 lilikuwa limefunika sehemu 1 kati ya 32, kama asilimia 3, na mvuvi wa Dunga angelipita kwa mtumbwi akisema hiki si kitu.

Ukiyachunguza makosa haya utaona yana ukoo mmoja. Machale yetu yamelelewa na vitu vinavyojumlika: gorogoro mbili ni mara mbili ya moja, nauli ya watu watatu ni mara tatu. Yakikutana na kitu kinachojizidisha, au duara, au asilimia juu ya asilimia, yanaleta jibu la ulimwengu ule wa kujumlisha, tena kwa sauti ile ile ya uhakika. Bei ya koti la mtumba ikipanda asilimia 20 halafu ikashuka asilimia 20, haikurudi pale ilipokuwa. Koti la 1,000 lilienda 1,200, sasa ni 960. Bomba la inchi 1 nalo mdomo wake si mara mbili ya bomba la nusu inchi, ni mara nne.

Je, yaaminike lini? Jibu bora ninalolijua lilitolewa na wanasaikolojia wawili waliokuwa pande zinazopingana. Daniel Kahneman alitumia maisha yake kuonyesha jinsi machale yanavyopotosha. Gary Klein alitumia yake kuwachunguza watu kama makamanda wa zimamoto, ambao machale yao huokoa maisha. Mwaka 2009 waliandika makala pamoja, wakakubaliana kwamba machale ya mtu yanaaminika pale masharti mawili yanapotimia: mazingira yawe na utaratibu unaojirudia, na mtu awe amepata nafasi ya kutosha ya kujifunza utaratibu huo, akirudishiwa majibu yaliyo wazi. Uhakika anaousikia moyoni haukuwa sharti.

Mekanika wetu anatimiza yote mawili. Akikosea, gari linarudi kesho likiwa na mwenyewe aliyekasirika. Mkopaji hatimizi. Akikosea kuhusu riba, kosa linasambaa kidogo kidogo kwa miezi 12, likichanganyika na karo, mbolea na matanga, na mwisho wa mwaka hakuna mahali pa kunyooshea kidole.

Maelezo. Machale ni dhaifu hapa. Muulize mekanika alijuaje, atakwambia amezoea. Ni kweli tupu, lakini kijana anayejifunza kwake hakupata kitu cha kushika.

Inamfaa nani. Anayefanya kazi ile ile kila siku na kuona matokeo yake siku hiyo hiyo. Inamfaa pia mwanahisabati anayetafuta pa kuanzia, na mtahiniwa anayetaka kujua kama jibu lake lina sura ya jibu. Haimfai mgeni kwenye fani, hata awe na akili kiasi gani.

Kalamu

Kasi. Ni ya polepole, na hilo halina haja ya kurembwa. Ila kuna siri ambayo mafundi wanaijua: hatua zikishafanywa mara moja, zinaweza kufungwa ndani ya kifaa zikatumika kwa dakika moja. Fundi anayepanga msingi hapimi kona kwa jicho. Anachukua kamba, futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, kisha anahakikisha ng'ambo ni futi 5 kamili. Ikiwa hivyo, kona ni skwea. Kwa chumba kikubwa anatumia 9, 12 na 15, maana pembetatu kubwa hupunguza kosa la mkono. Fundi huyo huenda hajawahi kuandika uthibitisho wa Pythagoras, lakini anaubeba ndani ya ile tepu. Na jicho lingemgharimu: kona ikipotoka digrii 2 tu, ukuta wa futi 30 unaishia futi nzima nje ya mstari. Digrii 2 hakuna jicho linaloziona siku ya kuchimba. Zitaonekana siku ya kuezeka mabati.

Kosa. Nguvu kubwa ya kalamu ni kwamba kosa lake lina anwani. Liko mstari wa nne, pale ulipohamisha namba bila kubadili alama, na mtu mwingine anaweza kulikuta. Turudi kwa mkopo. Tuseme unapewa 12,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, inayohesabiwa juu ya mkopo wote, nawe unalipa 1,100 kila mwezi kwa miezi 12. Machale yanasema asilimia 10, maana ndivyo ilivyoandikwa. Kalamu inauliza: je, nilikaa na zile 12,000 mwaka mzima? Hapana. Mwezi wa kwanza unazo 12,000, wa pili 11,000, wa tatu 10,000, mpaka wa mwisho 1,000. Kwa wastani ulikaa na 6,500. Riba ya 1,200 juu ya 6,500 ni karibu asilimia 18. Mistari mitatu, na kila mstari mwanachama yeyote wa chama anaweza kuupinga au kuukubali.

Lakini kalamu ina upofu wake, na watetezi wake huuficha. Mwaka 1985 watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha uchunguzi wa watoto waliokuwa wakiuza vitu mitaani katika mji wa Recife, Brazili. Wakiwa kwenye biashara yao, watoto walijibu sawa maswali 98 katika kila 100. Hesabu za aina hiyo zilipoletwa kwao kama zoezi la shule, namba tupu bila nazi wala mteja, walipata kama 37 katika kila 100. Mmoja wao, mvulana wa miaka 12, aliulizwa bei ya nazi 10, moja ikiwa 35. Hakuongeza sufuri kama wanavyofundishwa darasani. Alisema tatu ni 105, tatu tena ni 210, akaendelea hivyo mpaka 350. Ukipita Kibuye Jumapili utasikia hesabu za namna hiyo kila hatua kumi.

Wengine husoma uchunguzi huo kama ushindi wa machale dhidi ya shule. Mimi sioni hivyo. Yule mvulana alikuwa na hatua, tena nzuri, ila ni hatua ambazo kila moja ilikuwa na nazi ndani yake, kwa hiyo asingeweza kutoka na jibu la kichekesho. Kanuni isiyo na nazi huruhusu vichekesho. Ndiyo maana mwanafunzi huandika kwamba choo kimoja cha shimo kinahitaji mifuko 400 ya saruji, akapiga mistari miwili chini, akafungua ukurasa mwingine. Sufuri moja ilihama na hakuna kilichompigia kelele.

Maelezo. Hapa kalamu haina mpinzani. Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, karatasi ya hisabati hutoa alama za njia na alama za jibu, na jibu tupu likikosea limekosea lote, ilhali hatua nzuri zenye kosa moja huokoa alama. Wazazi hulalamika kwamba mtoto aliyepata jibu kichwani ananyimwa haki. Naelewa malalamiko, ila mwalimu hana namna ya kusahihisha kitu asichokiona.

Inamfaa nani. Mwenye fedha za watu. Mwenye kitu kisichoweza kubomolewa kirahisi. Mtahiniwa. Na yeyote aliye ugenini kwenye swali, mahali ambapo uzoefu wake haujawahi kurudishiwa jibu.

Jaribio dogo

Hii ndiyo njia isiyo na mashabiki, na naipenda.

Kasi. Iko katikati, dakika tano hadi nusu saa. Chukua vikombe vitatu na shilingi moja. Mwenzako anaificha shilingi chini ya kikombe kimoja, naye anajua iko wapi. Wewe unachagua kikombe, hukifunui. Yeye anafunua kimojawapo kati ya viwili vilivyobaki, kilicho kitupu, kisha anakuuliza kama unataka kubadili. Usichanganye na pata potea ya stendi, ambako mwenye mchezo ana vidole vyepesi na wale wanaoshinda mbele yako ni wenzake. Hapa hakuna hila. Machale yanasema vimebaki viwili, nusu kwa nusu, kubadili hakusaidii. Mmarekani Marilyn vos Savant alipoandika gazetini mwaka 1990 kwamba anayebadili hushinda mara mbili katika kila tatu, alipokea maelfu ya barua za kumpinga, nyingine kutoka kwa wenye shahada za uzamivu. Hata Paul Erdős, aliyechapisha takriban makala 1,500 za hisabati, inasimuliwa na rafiki yake kwamba alikataa maelezo yote mpaka alipoonyeshwa kompyuta ikiucheza mchezo huo mara nyingi. Chezeni raundi 30, huku ukibadili kila mara. Utashinda kama mara 20, na ukifika raundi ya 10 utaanza kuona sababu: kubadili hukuangusha tu pale ulipokuwa umepatia mwanzoni, na mwanzoni hupatia mara moja tu kati ya tatu.

Hicho ndicho jaribio dogo linafanya ambacho nyingine haziwezi. Linayasomesha machale. Linakuletea katika nusu saa majibu ambayo maisha yangekuletea kwa miaka.

Jaribu pia hili ukiwa mwalimu wa darasa la wanafunzi 50. Waambie uwezekano wa wawili wao kuzaliwa tarehe moja ya mwezi mmoja ni asilimia 97. Watabisha, kwa sababu mwaka una siku 365 nao ni 50 tu. Fungua rejista. (Wakiwamo mapacha, watoe kwanza, la sivyo hutasikia mwisho wake.) Hata watu 23 wanatosha kuvuka nusu, maana kinachohesabiwa ni jozi, na watu 23 wana jozi 253.

Kosa. Jaribio dogo hudanganya kwa utamu. Chora duara, weka nukta 2 ukingoni, ziunganishe kwa mstari: duara limegawanyika vipande 2. Weka nukta 3, uziunganishe zote: vipande 4. Nukta 4: vipande 8. Nukta 5: vipande 16. Kila mtu anajua kinachofuata. Weka nukta ya 6, uhakikishe mistari mitatu haikutani mahali pamoja, uhesabu. Ni 31. Hesabu tena ukitaka.

Usijione mjinga ukinaswa hapo. Pierre de Fermat, katika karne ya 17, alizitazama namba 3, 5, 17, 257 na 65,537, zinazozaliwa na kanuni moja, zote tasa, akaamini zinazofuata zote ni tasa pia. Inayofuata mara moja ni 4,294,967,297. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba inagawanyika kwa 641. Mifano mitano ilikuwa kweli, wa sita ukawa uongo. Na lipo dai la mwaka 1742, la Goldbach, kwamba kila namba shufwa (inayogawanyika kwa 2) inayozidi 2 ni jumla ya namba tasa mbili. Limekaguliwa kwa kompyuta mpaka 4 ikifuatwa na sufuri 18 bila kukosea hata mara moja, na wanahisabati bado hawalihesabu kuwa limethibitishwa.

Maelezo. Ni mazuri kwa anayetazama, hafifu kwa asiyekuwepo. Mtu akicheza vikombe mwenyewe ameamini. Ukimsimulia kwa simu anarudi kwenye nusu kwa nusu.

Inamfaa nani. Mwalimu, mzazi, mtu anayebishana na mtu mkaidi, na mwenye swali kubwa asilojua pa kulishikia. Haimfai anayehitaji hakikisho kwamba jambo halitaharibika kamwe.

Zote tatu kwenye barabara moja

Kisumu hadi Nakuru, kupitia Ahero, Kericho na Mau Summit, ni kama kilomita 180. Umeenda kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa, mvua na malori yote yakiwa mbele yako. Urudi kwa kasi gani ili wastani wa safari nzima, kwenda na kurudi, uwe 80?

Machale yanajibu 120, kabla sijamaliza kuuliza. 40 na 120, nusu yake 80.

Jaribio dogo linapunguza swali. Tuseme safari ni kilomita 40 tu. Kwenda kumekula saa 1. Safari nzima, kilomita 80, kwa wastani wa 80, ilitakiwa ichukue saa 1. Ngoja kidogo. Saa yenyewe imeshaisha.

Kalamu inamalizia kwa barabara halisi. Kilomita 360 kwa wastani wa 80 ni saa 4 na nusu. Kilomita 180 kwa 40 ni saa 4 na nusu. Huna hata sekunde moja ya kurudia. Hakuna kasi, hata ya ndege, itakayokupa wastani huo. Ukirudi kwa 120 (ambayo hata hivyo inavuka kiwango kinachoruhusiwa), wastani ni 60.

Nimechagua swali hili kwa sababu linaonyesha kila njia ikifanya kazi yake. Machale yalitoa jibu la kushambulia. Jaribio lilionyesha kuna kitu kimevunjika. Kalamu ilieleza kimevunjika wapi na kwa nini, kwa namna ambayo dereva mwingine anaweza kuikagua. Na ukishalielewa, machale yako yamebadilika kidogo: safari ijayo utahisi kwamba mwendo wa polepole huvuta wastani chini kuliko unavyodhani, maana ndiko unakokaa saa nyingi.

Kwa hali yako

Ukiwa boda au mchuuzi, na bei ni zile zile kila siku, machale yako yameshasahihishwa na wateja mara nyingi kuliko mtihani wowote. Yafuate. Bei ya mafuta au ya gunia ikibadilika ghafla, yape likizo ya siku chache utumie kalamu, kwa sababu bado yanaishi katika bei ya jana.

Mzazi wa mtoto anayeona majibu bila kuandika, usimkataze kuona. Mwambie aandike kwanza jibu analolihisi, pembeni, kwa penseli, ndipo afanye hatua. Yakitofautiana, hapo pana somo, na mara nyingine atakuta hatua ndizo zilizokosea. Kwa mtoto wa aina ya pili, anayefuata kanuni vizuri lakini anakubali choo cha mifuko 400, mtume dukani, akirudi akuelezee chenji ilivyopatikana. Huyo anakosa nazi, hakosi kanuni.

Mtahiniwa wa KCSE aandike hatua, basi. Makadirio ayatumie dakika za mwisho kukagua majibu yasiyo na sura ya jibu.

Kwenye mjengo, jicho linatosha kwa mahali pa kuweka mchanga. Kona, mteremko wa bomba la maji taka na urefu wa ngazi, vuta tepu, hata kama fundi ana miaka mingi ya kazi na anaona ni dharau. Fundi mzuri hataona hivyo, maana atakuwa ameshaitoa yake.

Mwalimu mwenye darasa linalobisha aanze na vikombe au rejista, aje kwenye ubao baadaye. Ubao ukitangulia, wanafunzi watanakili kitu wasichokiamini.

Kwa mweka hazina wa chama, mkopo usichukuliwe kwa kuwa asilimia inaonekana ndogo, wala usikataliwe kwa sababu mtu machale yamemcheza. Omba mkopeshaji aandike jedwali la malipo ya kila mwezi, likionyesha deni linalobaki. Tafuta wastani wa deni hilo, ugawanye riba yote ya mwaka kwa wastani huo, uweke mbele ya wanachama pamoja na jedwali la mkopeshaji wa pili lililohesabiwa vivyo hivyo. Mkopeshaji asiyekubali kuandika jedwali, muache aende na asilimia zake.